Lubumbashi: Mchezo ukiganda, si kila mara mashini ndiyo mbovu

MAONI – Vijana wa Lubumbashi wanaopenda michezo mikubwa ya kompyuta wanapoteza feza nyingi juu ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Mchezo unaganda, ukuta unageuka rangi ya zambarau, ao dirisha linajifunga bila neno lolote. Mara moja hukumu inatoka: mashini imechoka, inaomba RAM ingine, inaomba Windows mpya, ao inaomba iwekwe kando na kununuliwa ingine ya mamia ya dola. Mara nyingi hukumu hiyo si ya kweli. Mashini haina kosa. Kosa liko katika vitu vilivyoongezwa ndani ya mchezo bila kupimwa, bila mpangilio na bila kuandikwa popote.

Michezo inayozungumzwa hapa ni ile ya ulimwengu wazi, ambamo mchezaji anachukua nafasi ya mhusika mmoja na kutembea anakotaka: mlimani, sokoni, pangoni, katika nyumba za watu. Skyrim, ambayo kampuni ya Marekani Bethesda iliitoa tarehe 11 Novemba 2011, ndiyo mfano unaojulikana kuliko yote. Mwaka 2016 ilirudi kwa jina la Special Edition. Fallout 4 ya kampuni ileile ilitoka 2015, mwaka uleule wa The Witcher 3 kutoka Poland. Miaka imepita lakini michezo hii ingali inachezwa. Kinachoifanya iendelee kuishi ni modi, yaani vipande vinavyotengenezwa na wachezaji wenyewe, kila mmoja katika inchi yake, na kutolewa bure ili wengine waviongeze: silaha mpya, vijiji vipya, mvua inayofanana na mvua, na zaidi ya yote, picha mpya.

Kwa msomaji asiyecheza, kuna neno moja la kufafanua. Ndani ya mchezo, jiwe si jiwe. Ni umbo tupu, kama boksi ya karatasi, ambalo linafunikwa na picha ili jicho liamini kwamba ni jiwe. Hiyo picha ya kufunikia ndiyo inaitwa tekstura. Ukuta uko na tekstura yake, barabara iko na yake, koti, uso wa mtu na majani vilevile. Ulimwengu wote wa mchezo umevalishwa picha za namna hiyo, maelfu kwa maelfu. Na hapo ndipo taabu ya vijana wengi inapoanzia.

Hesabu ambayo haifanywi

Anayeanza kuongeza modi anavutwa kwanza na tekstura zilizoandikwa 4K. Jina lenyewe linaahidi uzuri, na picha za kuitangaza zinaonyesha mawe yanayong'aa kama yamelowa. Lakini hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu.

Tekstura ya 4K iko na pikseli 4,096 kwa upana na 4,096 kwa urefu. Jumla ni karibu pikseli milioni 16.8. Bila kubanwa, kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo picha moja inakalia mega 64 ndani ya kumbukumbu ya kadi ya picha. Ikibanwa kwa mtindo unaoitwa BC7, inashuka hadi mega 16. Kisha mchezo unahitaji nakala ndogo-ndogo za picha hiyohiyo, za kutumiwa wakati kitu kinaonekana kutoka mbali, na nakala hizo zinaongeza theluthi moja. Inafika mega 21 na kidogo. Tena jiwe moja kwa kawaida haliko na picha moja. Kuna picha ya rangi, na kuna picha ya pili inayoonyesha mashimo na vinundu ili mwangaza uanguke vizuri. Zote mbili pamoja zinakaribia mega 43.

Sasa chukua mashini ya okazioni yenye kadi ya picha ya giga 2. Vitu 50 vya namna hiyo vikionekana kwa wakati mmoja, kadi imejaa, na hapo hata skrini yenyewe haijahesabiwa. Soko la mji kama Whiterun, katika Skyrim, liko na mawe, mbao, nguo, matunda na nyuso zinazopita hesabu hiyo. Kadi ikijaa, mchezo unaanza kuhamisha picha kwenda RAM ya kawaida na kuzirudisha, kwenda na kurudi, kila mchezaji anapogeuza kichwa. Hapo ndipo anaona mchezo unaruka-ruka. Na mashini isiyo na kadi yake ya picha iko katika hali mbaya zaidi, juu inaazima sehemu ya RAM ileile ambayo Windows na mchezo tayari vinaigombania.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa neno 4K hawalisemi. Mashini ndogo nyingi za okazioni ziko na skrini ya pikseli 1,366 kwa 768. Skrini nzima, kutoka kona hadi kona, ni pikseli milioni 1 na kidogo. Tekstura ya 1K, yaani 1,024 kwa 1,024, nayo ni pikseli milioni 1 na kidogo. Kwa maneno mengine, picha ya 1K pekee iko na pikseli za kutosha kujaza skrini hiyo yote. Kuvalisha jiwe moja la kando ya njia picha yenye pikseli mara 16 zaidi ya skrini nzima ni kama kupika bukari ya harusi kwa ajili ya mtu mmoja: haitaliwa, lakini makala yamekwisha kuungua.

Vile vitu 50 vikivalishwa picha za 1K, kwa mtindo uleule wa kubana, vinachukua mega 133 hivi badala ya kupita giga 2. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mchezo unaotembea na mchezo unaoganda. Na haikununuliwa dukani.

Hii haisemi kwamba kila kitu kiwe kidogo. Fundi mzuri anachagua. Mikono, silaha na uso wa mtu vinakaa karibu na jicho la mchezaji saa zote. Hivyo vinaweza kupata 2K. Milima, kuta na mawe vinatosheka na 1K. Kikombe juu ya meza, ufunguo, kipande cha mkate, vinaweza kushuka hadi 512. Programu za kufanya kazi hiyo ziko na ni za bure: Cathedral Assets Optimizer inapunguza folda nzima kwa mara moja, na texconv ya Microsoft inafanya hivyo kwa amri za kuandika. Sharti ni kuweka nakala ya folda ya mwanzo kando kabla ya kugusa kitu.

Kuna pia mitego ya kujua. Mtindo wa BC1 unachukua nusu ya nafasi ya BC7, na unafaa kwa picha isiyo na sehemu za uwazi. Lakini katika Skyrim, ile picha ya pili ya vinundu inabeba pia habari ya kung'aa katika sehemu yake ya uwazi. Anayeibana kwa BC1 anaifuta habari hiyo, kisha anashangaa juu ya nini kila jiwe linang'aa kama sahani. Na Skyrim ya mwaka 2011 haisomi BC7 hata kidogo. Modi iliyotengenezwa kwa Special Edition ikitiwa ndani ya ile ya zamani, mchezo unaweza kujifunga, na mchezaji atailaumu RAM.

Kampuni zenyewe hazisaidii kufundisha kiasi. Mnamo Februari 2017 Bethesda ilitoa tekstura kubwa za Fallout 4 zilizofikia giga 58, nyingi kuliko mchezo wenyewe. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, hilo ni jambo la usiku mmoja. Kwa kijana wa komine Katuba ao Ruashi anayenunua mega kwa simu, ni ndoto isiyo na faida.

Diski inayotembea bila majina

Juu ya bei ya mega, modi katika miji kama Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi zinapita kwa mikono. Mmoja anapakua, anaweka kwenye diski ao kwenye flashi, anampa yaya wa jirani, yaya anampa mwanafunzi mwenzake. Hakuna aibu katika hilo. Palipo na intaneti ya bei kali, watu wanagawana, kama vile wanavyogawana maji ya kisima. Bila mzunguko huo, vijana wengi wasingejua kwamba mchezo unaweza kufunguliwa na kutengenezwa.

Aibu iko katika kinachopotea njiani. Modi ikitoka kwa mtengenezaji wake, inakuja na karatasi yake: jina lake, toleo lake, toleo la mchezo inaloliomba, modi zingine inazozitegemea, na zile ambazo haipatani nazo. Baada ya kupita mikono mitatu, karatasi hiyo imefutwa ili kupunguza nafasi ao juu hakuna aliyeona kazi yake. Folda imepewa jina jipya, “grafiki nzuri” ao “pack 2”. Anayeipokea anapata nguo bila kipimo.

Madhara yake yanaonekana haraka. Modi nyingi za Skyrim zinategemea programu ndogo inayoitwa SKSE, na SKSE inapaswa kulingana kabisa na toleo la mchezo. Special Edition ilibaki muda mrefu katika toleo 1.5.97, mwezi wa Novemba 2021, pamoja na Anniversary Edition, ikaingia katika matoleo ya 1.6. Tangu siku hiyo, modi nyingi zenye kutegemea SKSE za kundi moja hazikufanya kazi katika kundi lingine. Kijana anayepokea SKSE ya huku na mchezo wa kule hataweza kufika mbali, hata akiwa na mashini ya dola 2,000. Angekuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, “hii ni ya 1.5.97”, angeokoa wiki nzima.

Kisha kuna swali la haki. Wengi wanaotengeneza modi wanazitoa bure lakini wanaomba jina lao libaki na wanakataza kuziuza. Mnamo tarehe 23 Aprili 2015, Valve na Bethesda walifungua mlango wa kuuza modi za Skyrim ndani ya duka la Steam. Wachezaji walipinga kwa nguvu, na tarehe 27 Aprili mpango ulifutwa na walionunua wakaahidiwa kurudishiwa feza zao. Ikiwa kampuni zenye mawakili wa kutosha zilishindwa kuifanya biashara hiyo ikubalike, anayeuza diski ya kazi za wengine, baada ya kufuta majina yao, anasimama juu ya nini? Kulipwa kwa kazi yake mwenyewe, yaani muda, mega na ufundi wa kuisimika, ni haki yake. Lakini aseme wazi kwamba anauza hiyo kazi, na aache karatasi za wenyewe mahali pake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia duka na shamba, lakini methali hiyo inafaa hapa kuliko mahali pengi. Daftari ya kurasa 48 inatosha. Kila modi iandikwe: jina, mtengenezaji, toleo, toleo la mchezo, ukubwa wa tekstura, tarehe ya kuingizwa, na nafasi yake katika mpangilio. Siku mchezo utakapoanguka, daftari itasema kilichobadilika tangu jana.

Kupima kama fundi

Fundi wa gari mwenye akili hafungui injini kabla ya kuangalia mafuta. Anayetafuta kosa katika mchezo afanye vilevile, na jaribio la kwanza ni rahisi: zima modi zote, cheza saa moja. Mchezo mtupu ukienda vizuri, mashini imeondolewa katika kesi. Mchezo mtupu nao ukianguka, basi ndiyo wakati wa kuangalia vumbi katika feni, joto, diski iliyochoka ao RAM. Jaribio hilo haligharimu hata franka moja, na lingefanywa kwanza kila mara, mashini nyingi zisingebebwa kwenda kutengenezwa bure.

Jaribio la pili ni kusoma alama. Mchezo hausemi, lakini unaonyesha. Katika Skyrim, rangi ya zambarau ni tekstura ambayo haipatikani: faili haiko, ao imewekwa katika folda isiyo yake. Alama nyekundu ya mshangao hewani ni umbo linalokosekana, si picha. Uso mweusi juu ya mwili wa kawaida ni modi mbili zinazogombania mtu mmoja. Mchezo unaojifunga kabla ya kufika kwenye ukurasa wa kwanza mara nyingi ni modi inayotafuta faili mama ambayo haikusimikwa. Mchezo unaoruka-ruka sokoni lakini ukatulia ndani ya pango ni kumbukumbu ya kadi iliyojaa. Kila alama inaelekeza mahali pake, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoponywa kwa kusimika Windows upya.

Jaribio la tatu ni la kugawa nusu kwa nusu. Mtu aliye na modi 128 na mojawapo inaua mchezo hahitaji kuzijaribu moja kwa moja. Azime 64. Kosa likiisha, mwenye hatia yuko kati ya zile zilizozimwa. Likibaki, yuko kati ya zile zingine. Kisha 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kwa majaribio 7 amemkamata. La kuangalia tu ni kwamba modi inayotegemea ingine izimwe pamoja nayo, na kwamba majaribio yafanywe katika mchezo mpya, si katika ule aliouchezea miezi mitatu. Modi yenye maagizo ya kuendesha matukio inaacha alama zake ndani ya mchezo uliochungwa. Kuing'oa katikati ni kung'oa msumari na kuacha tundu.

Jaribio la nne ni mpangilio. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, ile inayoingia mwisho ndiyo inayoonekana, sawa na rangi ya mwisho iliyopakwa ukutani. Programu ya LOOT inapanga modi kwa kufuata kanuni zinazojulikana, xEdit inaonyesha mahali modi mbili zinapogongana, na Mod Organizer 2 inaweka kila modi katika folda yake bila kuchafua folda ya mchezo. Zote ni za bure. Anayetupa mafaili yote moja kwa moja ndani ya folda ya mchezo hawezi tena kujua lipi lilifunika lipi, na siku ya kutoa atatoa yote.

Kuna jambo la tano, la hapa kwetu, ambalo maelezo ya wageni hayalitaji. Ni delestaji. Umeme ukikatika wakati mchezo unachunga mahali mchezaji alipofika, faili hiyo inaweza kuharibika. Ukikatika wakati wa kunakili tekstura, folda inabaki nusu, na kesho yake zambarau inajaa mji mzima. Tangu 1982 waya wa Inga unaleta umeme hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako katika eneo hilohilo la migodi, lakini mkaaji wa komine Kenya bado anaishi kwa kuhesabu saa za umeme. Mchezaji wa Lubumbashi achunge mchezo katika faili kadhaa, si moja tu, na asinakili folda kubwa wakati betri imekufa. Maarifa hayo ni ya hapa, na hakuna atakayeyaandika kama si watu wa hapa.

Wazazi wana neno, na lisikilizwe

Mzazi anayesoma haya anaweza kusema kwamba yote ni mchezo tu. Examen d'État inakaribia, minervali haijalipwa, na kijana anatumia usiku kuhesabu mawe ya mlima usiokuwepo. Neno hilo si la kuzarauliwa. Saa za umeme ni chache, na mtoto anayezitumia zote kwa Skyrim ameziiba kutoka kwa masomo yake na kutoka kwa dada yake aliyetaka kupiga pasi. Wala si kila anayecheza anajifunza. Anayepokea folda, kuitupa ndani na kulia ikianguka hajajifunza kitu.

Lakini kuna tofauti kati ya kucheza na kutengeneza, na mzazi anaweza kuitambua kwa swali moja: “Nionyeshe daftari.” Kijana anayeweza kueleza juu ya nini ameshusha picha za milima na kuacha za uso, aliyegawa modi zake nusu kwa nusu hadi akapata yenye kosa, anayeandika toleo la kila programu, huyo anafanya kazi ileile ambayo kampuni inalipa mtu kuifanya. Kutafuta kosa kwa kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja ni njia ya maabara. Kupima kumbukumbu kabla ya kuijaza ni kazi ya kila siku ya anayetengeneza programu za simu kwa watu wenye simu ndogo na mega chache, yaani kwa watu wengi wa Kongo. Mwenye mashini kubwa hajifunzi hilo, juu mashini yake inamficha makosa yake.

Kwa sababu hiyo, inashangaza kuona jinsi ujuzi huu unavyobaki nje ya mlango wa shule. Lubumbashi iko na chuo kikuu cha UNILU, iko na shule ya juu ya informatiki ya Salama, na ziko sekondari zenye chumba cha kompyuta. Kipindi kimoja kwa mwezi, cha kuwapa wanafunzi mchezo ulioharibiwa makusudi na kuwaomba wapate kosa na kuliandikia ripoti ya ukurasa mmoja, hakihitaji bajeti ya serikali. Kinahitaji mwalimu anayekubali kwamba somo linaweza kuvaa nguo za mchezo.

Picha za mji wenye picha zake

Kuna faida nyingine, na pengine ndiyo kubwa. Anayejua kupunguza tekstura yuko hatua moja kutoka kuichora. Faili ni ileile, programu ni zilezile. Afrika ya Mashariki imekwisha kuonyesha njia katika mchezo mwingine: Bus Simulator Indonesia, uliotolewa na Maleo mwaka 2017 kwa simu, unamruhusu mchezaji kuchora rangi za basi lake, na vijana wa Kenya na Tanzania wakauvalisha rangi za mabasi yao wenyewe. Hawakungoja kampuni iwakumbuke. Cameroon ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa mchezo wake kamili wa kuigiza mhusika, Aurion.

Lubumbashi haikosi cha kuchora. Mji huu ndio uliomlea Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, kwa vifaa vya mtu wa kawaida. Hakuwa na turubai ya bei wala nafasi ya kupoteza. Alichagua kinachopaswa kuonekana na kuacha mengine. Ndani ya mji huohuo, kituo cha Picha kimekuwa kikikusanya wasanii na kuandaa biennale tangu 2008. Msalaba wa shaba wa Katanga, rangi ya kijani ya malakiti, matofali ya nyumba za zamani za Gécamines, bomba lake refu na mlima mweusi ulio kando yake: kila kimoja ni tekstura inayongoja mtu wa kuipiga kwa simu, kuikata, kuibana na kuiweka ndani ya mchezo kwa 1K, ili ifunguke hata kwenye mashini ya jirani.

Kobalti iliyo ndani ya betri za kompyuta nyingi za dunia inatoka katika udongo wa Katanga. Mashini inarudi hapa ikiwa okazioni, na mtumiaji wake anaambiwa kwamba ni ndogo mno. Jibu la haki si kumtuma akakope feza kwa kununua ingine. Jibu ni kumpa ujuzi wa kuitumia hadi mwisho wake.

Mambo matatu yanaweza kuanza wiki hii, bila kungoja mtu. Anayegawa modi kwa diski aache karatasi za watengenezaji mahali pake na aandike toleo la mchezo juu ya folda. Anayetengeneza mashini za wengine aanze kwa kuzima modi zote mbele ya mteja kabla ya kutaja bei ya RAM. Na mchezaji mwenyewe, kabla ya kuongeza picha nyingine, afanye hesabu ya giga alizo nazo. Kidole kimoja hakivunji chawa: daftari za vijana kumi wa Kamalondo, Kampemba na Katuba zikiwekwa pamoja, tayari ni kitabu cha kwanza cha Kiswahili juu ya ufundi huu.